Farasi Tuliyemfungisha

Ilianza Jumamosi, saa tatu na nusu ya asubuhi, mbele ya mlango wa kanisa, bibi harusi akiwa amekwisha kuinua mguu ili apande farasi wetu. Mguu ulikuwa hewani, na kiatu chake cheupe cha kisigino kirefu. Wajomba wawili walimshika kiuno, mimi nilishika pindo la gauni lisiburuzwe kwenye vumbi, na Papa, baba yangu, alikuwa na jicho kwenye kamera. Farasi akageuza shingo, akatazama ubavu wake kama mtu aliyeguswa mfukoni sokoni. Halafu akakunja magoti ya mbele, polepole, akalala chini na tandiko lake na maua yake yote.

 Kisha mama mmoja wa kwaya akasema neno ambalo kila mtu alikuwa nalo mdomoni.

"Wameiroga."

"Hapana, inasali!" kijana mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, na kicheko kikazuka.

Mjomba wa bibi harusi hakucheka. Alimrudisha bibi harusi kwenye gari, akamgeukia Papa. "Papa wa picha, ondosha hii nyama yako hapa. Mutoto wetu hawezi kuanza ndoa juu ya kitu kinaanguka."

Papa aliondoa jicho kwenye kamera. Alikuwa anawatazama watu waliosimama pale, uso kwa uso, mmoja baada ya mwingine, na nikajua kwamba hatafuti msaada. Anatafuta mwenye kosa.

Lazima niseme farasi huyu alitoka wapi, maana Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, si mji wa farasi. Kuna mbuzi wanaolala barabarani, kuna ng'ombe wanaoletwa kwa mashua kutoka upande wa Moba, lakini farasi tunamjua mmoja tu, naye ni wetu. Papa ni mpiga picha. Zamani watu walipanga mstari mbele ya studio yake, sasa kila mtu ana simu na kila simu inapiga picha. Basi aliposikia kwamba kule juu, karibu na Kirungu, kuna mwenye shamba anayefunga shamba lake na kuuza kila kitu, alipanda milima, akarudi na farasi wa kupandisha maharusi kwa picha. Walishuka naye kwa miguu hadi ziwani, wakampakia kwenye mashua ya mbao katikati ya magunia ya maharagwe. Papa anapenda kusimulia kwamba walipopita Zongwe wavuvi waliacha nyavu zao wakasimama kutazama. Wakati wa kumshusha hapa kwetu aliteleza kwenye ubao, akajigonga mguu wa nyuma. Tangu hapo, kila alipochechemea, Papa alimpa vidonge vya maumivu, vile vile vya watu, vinavyouzwa kwenye famasi ya avenyu yetu. Alivisaga na kuvificha ndani ya ndizi.

Harusi ya kwanza ilikwenda vizuri sana. Kwenye ile ya pili, farasi aliinua mkia akakunya juu ya pindo la gauni, mbele ya padri na kamera za simu zote za mji. Papa alirudi nyumbani, na kesho yake akatunga sheria: kabla ya harusi, farasi anafunga. Kama harusi ni Jumamosi, haguswi na chakula tangu Ijumaa asubuhi. Baada ya picha, jioni, anamwagiwa beseni zima la pumba ya mahindi ili ashibe kwa mara moja.

"Hata sisi bantu tunafunga mbele ya jambo kubwa," Papa alituambia. "Yeye nyama ni nani?"

Tulicheka. Tuliona ni akili. Wakati wa kiangazi harusi ni nyingi, nyingine katikati ya juma kwa kuandikishwa ofisini, nyingine Jumamosi kanisani, nyingine Jumapili kando ya ziwa, kwa hiyo farasi alikuwa anafunga zaidi kuliko mkristo yeyote wa parokia yetu. Hali ile sisi tuliiita kazi.

Halafu mambo yalianza kubadilika kidogo kidogo. Farasi alinusa pumba akaiacha. Alikunja mdomo wa juu kama mtu anayesikia harufu mbaya, akapiga miayo, akasaga meno. Papa alipokaza mkanda wa tandiko chini ya tumbo, alimgeukia akamng'ata bega, yeye ambaye zamani hata watoto wa jirani walipita katikati ya miguu yake. Manyoya yake yalipoteza ule mwangaza, yakasimama kama ya mbwa aliyenyeshewa. Alianza kula nguzo aliyofungwa, nguzo ya mti kabisa, na mavi yake yakawa laini.

Kila dalili ilikuwa mbele ya macho yetu, lakini Papa aliisoma kwa namna yake. Alibadilisha kufuli ya mlango mkubwa. Alikataza watu kukatisha kwenye parseli yetu, ndani ya ua, kwenda kisimani. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alimuuliza siku moja, "Papa, ile farasi ingali nzima?" na Papa aliingia ndani ametoa macho.

"Umesikia? 'Ingali.' Juu ya nini anasema 'ingali'? Anajua nini?"

Na mimi, nakiri, nilianza kumchunguza kinyozi kupitia tundu la pazia. Mimi si mtu wa kusema sana. Darasani mwalimu akiniuliza, jibu linakuja hadi kooni linakaa pale. Mtu asiyesema anapata muda mwingi wa kutazama, na ukimtazama mtu yeyote kwa muda mrefu, ataanza kufanana na mwizi.

Basi Jumamosi ile, baada ya farasi kukubali kusimama na kurudi nyumbani akijikokota, Papa alituita sote studio. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, nyuma yake lile pazia lililochorwa ngazi za ndege, kama vile anakaribia kusafiri.

"Leo kila muntu atasema. Ni nani alipatia farasi yangu kitu?"

Tulikuwa watatu mbele yake: Mama, mimi, na shangazi. Shangazi ni dada mkubwa wa Papa. Alifiwa na mume kule Kongolo, ndugu za mume wakachukua nyumba, akaja kukaa kwetu, analala chumba kimoja nami. Ana mdomo mkali na anakoroma. Siku farasi aliposhuka kwenye mashua, shangazi ndiye aliyesema mbele ya watu, "Hii nyama itatumaliza." Neno hilo Papa hakulisahau.

Mama aliangalia mikono yake. "Miye sipende kusema," akasema. Mama akianza hivyo, ujue atasema. "Lakini jana mangaribi niliona. Wifi alikuwa kwa farasi. Na kitu chini ya kikwembe alijifunga kiunoni."

 Papa alimgeukia dada yake.

"Dada, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilipeleka majani."

"Majani gani?"

"Majani. Ile inaotaka chini. Weye haujaonaka majani?"

"Ijumaa? Siku ya kufunga?"

"Ijumaa."

"Na juu ya nini ulificha?"

"Juu ulikataza."

Papa alitikisa kichwa taratibu. "Muntu haficha majani, Dada. Muntu anaficha kitu ingine."

Neno hilo liliniingia. Lilikuwa na sauti ya ukweli. Papa akaendelea, na kila alichosema kilikaa juu ya kile cha kwanza kama matofali. Juma lile lote shangazi hakuwa nyumbani. Alikuwa kwenye matanga ng'ambo ya mto Lukuga, kwa rafiki yake aliyefiwa. "Wiki muzima hauko. Unarudi jana mangaribi, unaenda kwa farasi na kitu chini ya kikwembe, leo inaanguka mbele ya kanisa. Uniambie, nifikiri nini?"

"Fikiri unavyopenda," shangazi akajibu. "Kichwa ni chako."

Hilo lilikuwa kosa. Papa alisimama, akasema treni ya kwanza itakayopita kuelekea Kongolo, shangazi atakuwa ndani yake. Treni yetu inapita inavyotaka, lakini alilisema kana kwamba amekwisha kusikia honi. Kule Kongolo shangazi hana hata mlango wa kubisha. Sote tulijua. Yeye aliinua kichwa, akatoka bila kujifuta macho, na Mama akaanza kupanga viti ambavyo havikuhitaji kupangwa.

Mimi nilifanya nini? Nilingoja shangazi aende kuchota maji, nikaingia chumbani kwetu, nikafungua kikapu chake. Ndiyo, nilimpekua. Nilikuta kisu cha kukatia sombe, yaani majani ya muhogo, makali yake yana rangi ya kijani. Nikakinusa. Sijui nilitegemea sumu inuke namna gani. Kwenye pindo la kikwembe chake cha kazi kulikuwa na zile mbegu zinazonata, zile unazotoka nazo ukipita kwenye majani marefu kando ya mto. Nikaiambia roho yangu, hata mchawi anapita kwenye majani. Nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, na shangazi alipoingia na ndoo sikuweza kumtazama.

Mchana dokta wa nyama, anayetibu mifugo, alifika kwa pikipiki. Papa ndiye aliyemwita, lakini alimwita aje amwonyeshe sumu, si kitu kingine. Alikuwa kijana, buti zake zina matope ya zizi la mtu mwingine. Papa alimkazia macho tangu mlangoni.

"Ninakufahamu. Weye unasali na bale ba harusi ya leo."

"Ninasali nao, Papa. Kosa liko wapi?"

"Sijasema kosa."

Dokta alimzunguka farasi bila haraka. Alifunua midomo akatazama meno na ufizi, akaweka sikio kwenye ubavu, akavunja mavi kwa kijiti akayatazama ndani. Alipopitisha mkono mahali pa mkanda wa tandiko, farasi alirusha mguu, na dokta akaruka nyuma akasema "pole, mukubwa" kwa sauti ya upole, kama anamwambia mzee. Kisha akaigusa nguzo iliyotafunwa.

"Hii nguzo, ni nani anaikula?"

"Yeye," Papa akasema. "Ni ile kitu walimutia ndani."

"Ndani yake kuna njaa, Papa. Leo amekula nini?"

"Hakuna. Ni siku ya harusi."

"Na jana?"

Papa alimweleza ile sheria, na nilisikia kwenye sauti yake kwamba bado anajivunia. Dokta alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kuhusu pumba, inawekwa kiasi gani. Akauliza kuhusu mguu, na Papa akamwonyesha vidonge. Hapo dokta alivua kofia yake, akaanza kueleza, na mimi niliyesimama kwenye mlango wa jikoni nilisikia yote.

"Tumbo la farasi si kama letu. Letu linatoa asidi nyingi wakati wa kula. La farasi linatoa muchana na usiku, akikula, asikule, juu aliumbwa atembee akitafuna majani siku muzima. Kutafuna kunaleta mate. Mate na majani njo vinatuliza ile asidi. Sasa weye unamuacha tumbo tupu. Asidi inapanda upande wa juu wa tumbo, kule hakuna kinga, inaunguza. Ukimutembesha hivyo na muntu mugongoni, inaruka zaidi. Jioni unamumwagia beseni ya pumba kwa mara moja, unaongeza moto. Na hivi vidonge vinatuliza mguu, lakini vinachimba tumbo. Miye ninaona ni vidonda vya tumbo."

Papa alicheka kicheko kisicho na furaha. "Vidonda vya tumbo ni ugonjwa ya bantu benye mawazo. Farasi iko na mawazo gani? Inalipa minerval ya shule?"

"Hailipi. Lakini inafungwa peke yake kwenye nguzo, haioni farasi mwenzake, haitembei. Hiyo pia inashuka tumboni."

"Haya, nionyeshe hivyo vidonda."

"Siwezi. Kuna mupira wenye kamera, unapitishwa puani hadi ndani ya tumbo. Hapa hatuna. Inaweza kuwa minyoo pia, ama muchanga, na dawa ya minyoo nitamupa. Lakini na hii yote umenieleza, ninaanzia kwa vidonda."

Papa alinitupia jicho, jicho la mtu anayesema: unaona, hajui.

Dokta akainama tena kwenye mavi. "Hapa kuna majani mabichi kidogo. Ni nani anamupatia majani? Huyo muntu mumushukuru."

Nadhani sehemu ya pili Papa hakuisikia. Alikuwa amekwisha kugeuka kuelekea dirisha la chumba chetu, kidole juu. "Umeona! Dokta amesema yeye mwenyewe! Kuna muntu anapatia kitu!"

Dokta alituachia maagizo kwa mdomo, akimwambia Papa lakini akimtazama Mama. Majani yawe mbele ya farasi kila wakati. Pumba iwe kidogo, na igawanywe. Kabla ya kazi yoyote apewe majani kwanza, tumbo lisiwe wazi. Vidonge vikome, na mguu ukiuma tena aitwe yeye. Afunguliwe atembee. Atatafuta dawa ya kupunguza asidi, na hiyo si dawa ya siku moja, na tusichukue ya watu na kukisia kipimo.

"Na akikunya kwenye harusi?" Papa akauliza.

"Mutafagia, Papa."

Nilimwona Mama wakati dokta anasema. Mkono wake ulikuwa chini ya kifua, pale pale alipozoea kujishika. Wakati wa mvua Mama alilazwa hospitali kwa vidonda vya tumbo vyake mwenyewe, baada ya kufunga na kundi la maombi na kumeza vidonge vya kichwa bila chakula. Alirudi amekatazwa vyote viwili. Alisimama pale amejishika, kisha akaingia jikoni, na nikaanza kumshuku hata yeye. Anajua nini ambacho hasemi?

Pikipiki ilipoondoka, Papa aliamua. Yule dokta ametumwa na watu wa harusi ili waseme Papa ndiye anayemwua farasi wake mwenyewe. Kesho alasiri kuna bibi harusi mwingine anayekuja kupigwa picha ziwani. Farasi ataendelea kufunga, na asubuhi atapewa kidonge chake ili asichechemee. "Na yule asikaribie," akasema, akimaanisha dada yake, bila kumwita dada.

Jioni shangazi alikuwa anafunga mizigo. Anafunga kwa hasira, anakunja nguo kama anazipiga. Nilikaa kitandani kwangu hadi neno likapanda.

"Shangazi."

"Sema."

"Ulikuwa unamupatia nini?"

Mikono yake ilisimama. "Weye pia?"

Nilitaka ardhi ya chumba inimeze. Lakini sikusema hapana, maana ingekuwa uongo.

"Majani," akasema. "Ninakata kule nyuma ya magereji, chini kwenye mto. Na usifikiri ninaipenda ile nyama. Inanuka. Lakini inasaga meno na kula ile muti, usiku muzima, na dirisha iko pa kichwa yangu. Weye unalala sawa jiwe, hausikie. Miye nikaona, nikiipatia majani inanyamaza. Njo hiyo tu. Nilikuwa natafuta usingizi."

Kama angeniambia alikuwa na huruma, labda nisingemwamini. Usingizi niliuamini.

"Na wiki ya matanga, nani alimupatia?"

"Nani angemupatia? Weye unaogopa baba yako, mama yako anaogopa Mungu, farasi inaogopa bote."

Akaendelea kukunja. Mimi nikabaki na neno lake. Juma la matanga hakuna aliyempa. Na ni juma gani farasi alimng'ata Papa bega? Ni lile. Ni lini aliacha pumba kabisa, beseni likabaki na nzi? Juma lile lile. Papa alisema: shangazi amerudi, farasi ameanguka. Lakini shangazi aliondoka kwanza, na farasi alianza kuanguka tangu alipoondoka. Ile ya Ijumaa ilikuwa mkono mmoja wa majani kwa tumbo lililokwisha kuungua juma zima. Papa bado ana filamu za zamani kwenye sanduku, zile ambazo uso ni mweusi na nywele ni nyeupe. Unaweza kukaa na picha hiyo mkononi na kuapa kwamba umeona mtu mwenyewe, kumbe umemwona kinyume.

Nilifikiri kwenda kumwambia Papa saa ile. Nilifika hadi mlango wa studio. Alikuwa anafuta kioo cha kamera na mgongo wake ulikuwa umeziba taa. Nikarudi.

Asubuhi, Jumapili, niliamka kabla ya kengele ya misa ya kwanza. Nilitoa kisu kwenye kikapu cha shangazi, safari hii akiwa ananitazama kutoka kitandani. Nilishuka nyuma ya magereji hadi mtoni, nikakata majani hadi mikono ikawasha, nikayafunga kwenye kikwembe changu mwenyewe. Sikuyaficha. Niliyabeba juu ya kichwa, kama kuni.

Papa alikuwa amekwisha kufika kwa farasi. Ndizi ilikuwa mkononi mwake, imepasuliwa, kidonge kimesagwa ndani. Aliponiona alikunja uso.

"Hiyo nini?"

"Majani, Papa."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Ni yeye. Amekuona kadogo, amekutuma umalizie kazi yake. Tupa."

Nilijaribu kusema ile hesabu yote ya juma la matanga, lakini ilitoka vipande vipande, mwisho mbele na mwanzo nyuma, na Papa akawa anasema "nini? nini?" Basi nikafanya kile nilichoweza. Nilitua mzigo, nikachomoa shina moja la majani, nikalitia mdomoni, nikatafuna. Lilikuwa chungu na lina umande. Nikachomoa lingine.

"Wee mutoto! Tema!" Papa alinishika kidevu kwa vidole vyake viwili, kama nilipokuwa mdogo nikila udongo. "Tema, minasema!"

"Ni majani," nikasema, mdomo umejaa. "Ni ile ile ya shangazi. Nimekata pale pale. Na kisu ni chake."

Nilimeza. Papa aliniangalia koo, anangoja. Nyuma yake farasi alikuwa amenyoosha shingo hadi mwisho wa kamba. Kamba ilimfikisha kwenye mzigo, akavuta fungu la majani, akaanza kutafuna. Kando yake pia lilikuwa bado beseni la pumba aliloliacha kabla ya kufungishwa. Hakuligusa. Hakupona pale pale, nisidanganye. Alisimama kutafuna katikati, akakunja mdomo, akatazama ubavu wake, akaendelea. Lakini aliendelea.

"Papa," nikasema, na sasa neno lilitoka mara moja. "Hiyo kidonge, weye unaweza kuimeza asubuhi hii? Na jana haukukula, na juzi haukukula?"

 Aliyejibu ni Mama. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa cha misa kichwani, sijui tangu saa ngapi.

"Njo hiyo muganga alinikataza," akasema. "Kufunga na kidonge. Vyote mbili. Jana nilisikia dokta, nikanyamaza." Akaangalia chini. "Na wifi, miye niliona kikwembe tu. Ndani yake sikuona."

Papa alitazama ndizi mkononi kama kitu alichokabidhiwa na mtu asiyemjua. Farasi alikuwa anatafuna. Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa, ya mnyama anayekula, na nikafahamu kwamba sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu. Papa aliitupa ndizi kwenye shimo la takataka, akaifunika kwa mguu kuku wasiipate, akaingia studio.

Nilimsikia kwenye simu, anaongea na watu wa bibi harusi wa alasiri. Anapoongea na wateja anapandisha sauti, kwa hiyo avenyu nzima ilisikia.

"Allo, Papa wa bibi harusi? Farasi haitakuja. Inagonjwa... Tumbo."  Huko mwisho wa simu walikuwa wanauliza lile ambalo kila mtu anauliza. "Hapana. Hapana, Papa. Hakuna muntu aliifanya kitu."

Kwenye dirisha letu pazia lilitikisika.

Nilifungua kamba. Nilimpitisha farasi kwenye mlango mkubwa wa parseli, watu wa misa wakipita na nguo zao nzuri, nikamsimamisha kwenye majani ya kando ya barabara, mbele ya kinyozi na mbele ya kila mtu, mahali ambapo yeyote angeweza kuona nani anamlisha na anamlisha nini. Yule mama wa kwaya alisimama mbali kidogo, ameshika mkoba wake kifuani.

"Walipata ule alimuroga?" akaniuliza.

Kwa kawaida ningetikisa kichwa na kutazama chini. Nilimjibu kwa sauti ya kufika hadi dirishani kwa shangazi.

"Hakuna aliyemuroga, Mama. Ni sisi tulimufungisha."